Shangazi Nambua Alivyokaguliwa Wepesini

Nimeombwa mara nyingi nisimulie habari za nchi ya Wepesini, na mara nyingi nimekataa, kwa sababu kila nikianza damu inanichemka na mke wangu ananiambia nikanawe uso. Leo nitajaribu kueleza kwa utulivu. Niseme kwanza kwamba mimi mwenyewe ni mkaguzi. Kwa miaka ishirini na mitatu nimekagua mizani za sokoni, nikiwakamata wauza maharage wanaobandika sumaku chini ya sahani. Kwa hiyo asije mtu akasema nachukia ukaguzi. Ninachokichukia ni kile nilichokikuta kule.

Tulifika Jumatatu asubuhi, mimi na shangazi yangu Nambua, dada mkubwa wa marehemu baba. Shangazi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alitofautisha mwanga na kivuli, basi. Ng'ambo ya milima kulikuwa na daktari bingwa aliyepasua macho ya wageni siku moja tu kwa mwaka, na mwaka huo siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya wiki ile. Jina la shangazi lilikuwa limeandikwa kwake. Ndege ya kwenda huko ni moja, huondoka Wepesini Jumatano saa sita mchana. Mganga wa zahanati yetu alikuwa ameniambia bila kuzunguka: macho yale yana presha pia, mwaka ukipita hata huo mwanga hautakuwepo.

Hiyo ndiyo haraka tuliyokuwa nayo. Tukaingia nayo katika nchi ambayo kazi yake yote ni kurahisisha mambo.

Wanasema zamani uwanja wao wa ndege ulikuwa na geti moja na askari mmoja, na watu walilalamika kwamba wanacheleweshwa. Mtawala akaunda Tume ya Wepesi. Tume ikachunguza ikakuta kwamba askari hana kosa, wenye kosa ni abiria, maana wanafika getini bila kujiandaa. Tangu siku ile kila raia anatakiwa kuwa tayari muda wote, awe anasafiri au hasafiri.

Mtu wa kwanza kukutana naye alinipa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika suruali kiunoni. Nilidhani ana tatizo lake binafsi. Kisha nikaona wanaume wote wa mtaa ule wameshika suruali. Mkanda una chuma, chuma kinalia getini, na mlio unachelewesha foleni. Kwa hiyo mkanda umepigwa marufuku nchi nzima, ili mikono izoee mapema. Matokeo yake Wawepesi hawapigi makofi, hawabebi ndoo mbili, na seremala wao hafanyi kazi bila mtu wa pili wa kumshikia ama mbao ama suruali. Niliuliza kwa nini wasitumie kamba. Nikajibiwa kwa heshima kabisa kwamba hoja ya kamba ilifikishwa barazani miaka thelathini iliyopita, na bado inajadiliwa kama fundo ni kitu kilichofichwa au ni kitu kilicho wazi.

Shuleni kwao darasa la kwanza hawaanzi na herufi. Wanaanza kwa kusimama juu ya nyayo zilizochorwa sakafuni, miguu wameipanua, mikono juu, kimya. Nilipita dirishani nikaona watoto arobaini wamesimama hivyo, na mwalimu anawasifu. Shangazi akaniuliza mbona shule ina kimya namna ile, watoto wanaumwa? Nikamwambia wanasoma.

Tulikuwa na chupa ya matone ya macho, ndogo kama kidole gumba. Tuliambiwa kila kimiminika kinahitaji kibali, tukaenda ofisi ya vibali, tukaikuta imefungwa. Maofisa wote walikuwa barazani wanajadili uji. Nikamshika shangazi mkono, tukaenda huko huko barazani, kwa sababu sikuwa na siku ya kuchezea.

Swali lililokuwa mezani ni kama uji ni chakula au ni kimiminika. Chakula kinaruhusiwa ndegeni. Kimiminika hakiruhusiwi kuzidi kijiko kimoja. Mzee mmoja mnene alisimama, suruali mkononi, akasema, "Waheshimiwa, kitu ambacho ukikichomeka mwiko unasimama wenyewe, hicho ni chakula. Tusipoteze muda."

Mwingine akadakia kutoka upande wa pili. "Na ukipoa je? Uji wa saa moja asubuhi mwiko unalala. Uji huohuo saa tatu mwiko unasimama. Abiria yuleyule, bakuli lilelile! Tutamwandika nani?"

Waliokubaliana naye wakapiga miguu sakafuni, maana makofi hawawezi. Ilipofika alasiri wakapitisha kwa kauli moja kwamba aajiriwe Mkaguzi wa Kupoa. Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kuinua chupa yetu na kueleza habari ya macho ya shangazi na ndege ya Jumatano. Mwenyekiti alinisikiliza vizuri. Kisha akauliza kama mwiko unasimama ndani yake.

"Mheshimiwa, hii ni chupa ya dawa," nikasema. "Mwiko hauingii."

"Kwa hiyo haujasimama."

"Haujaingia!"

Wakaandika kwamba hali ya dawa haijathibitika. Niliona giza kwa hasira. Shangazi akanivuta shati, akasema nimtie matone ya jioni ile palepale kisha chupa niwaachie, tusigombane na watu kwao. Nikamtia. Nikawaachia chupa, na mpaka leo sijui waliipeleka wapi.

Jumanne tulikwenda kushika foleni, na hapo inabidi nieleze mji wa Mapema. Sheria inasema abiria afike mapema. Mwanzoni ilimaanisha saa tatu kabla ya ndege. Lakini watu wote wakifika saa tatu kabla, hakuna aliye mapema kuliko mwenzake, kwa hiyo wenye bidii wakaanza kuja saa sita kabla, halafu jana yake, halafu wiki kabla. Serikali ikawapongeza. Sasa mbele ya geti la uwanja umeota mji mzima wa watu waliokuja mapema, wenye soko, kinyozi, msikiti, kanisa na makaburi. Nilikutana na watu wazima waliozaliwa humo, ambao ndege wanaiona ikipita juu tu.

Tulipewa mahali nyuma ya mtu aitwaye Bwana Subiri. Alikuwa anakunja soksi. Alizikunja, akazitazama, akazikunjua, akazikunja upya. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Harusini kwa kaka yangu," akasema.

"Lini?"

"Ile ya kaka ilishapita. Ana watoto watatu sasa. Nilikuwa bado sijapanga vitu vyangu vizuri. Kwa sasa najiandaa kwa harusi ya binti yake mkubwa."

Nikamuuliza foleni inachukua muda gani kufika mbele. Akacheka kidogo. "Foleni haina shida. Mkitaka piteni tu. Mimi sijawa tayari."

Tukapita. Aliyekuwa mbele yake naye akasema tupite, hajawa tayari, kuna kitana chake kinamtia wasiwasi. Mwanamke wa mbele yake alikuwa anaficha pini za nywele, kisha anazitoa, kisha anaziandika kwenye karatasi. Piteni tu, piteni tu. Tulipita mamia ya watu kwa muda usiozidi nusu saa, na hakuna hata mmoja aliyenung'unika. Mtu wa mbele kabisa alikuwa amekaa kwenye kigoda ameligeuzia geti mgongo, ili wasije wakamwita kwa bahati mbaya. Shangazi alipoelezwa alisema kwamba hawa watu wanahitaji kuombewa. Mimi nilisema wanahitaji kuchapwa, na kwa hilo naomba radhi.

Geti likafunguliwa Jumatano saa tatu asubuhi. Mkaguzi aliitwa Bwana Hadhari. Alikuwa mtu safi, mpole, amenyoa vizuri, sare imenyooka, mkono wa kushoto kiunoni kama wenzake. Nasema haya makusudi. Angekuwa mkorofi ningejua pa kumshika.

"Shikamoo, mama," akamwambia shangazi.

"Marahaba, baba."

"Mzigo huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Umeufunga mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu hii."

"Umeona vitu vyote ulivyovitia ndani?"

Shangazi akaupapasa mzigo. "Hapana," akasema. "Sijaona."

Bwana Hadhari akaweka kalamu chini. Nikacheka, nikidhani ni jambo la kucheka, nikamwambia shangazi yangu haoni, ndiyo maana tunakwenda kwa daktari wa macho, ila begi kalifunga yeye: khanga mbili, sweta, kitabu cha sala, sabuni ya kipande. Akasema ananiamini. Akasema pia kwamba fomu inauliza kama mwenye mzigo ameona, na mwenye mzigo amesema hajaona.

"Basi mimi nitaona kwa niaba yake. Fungua, nitazame, tuendelee."

"Ukitazama wewe, utakuwa mzigo uliopitiwa na mtu mwingine," akasema. "Huo ni mbaya zaidi. Macho hayaazimwi, bwana."

Nikamgeukia shangazi. Nilimwambia kwa lugha ya nyumbani, harakaharaka, kwamba akiulizwa tena aseme ameona. Neno moja tu. Nani atamuumbua?

"Nimepapasa," akasema shangazi. "Nikisema nimeona nitakuwa nimedanganya."

"Shangazi, ni fomu tu!"

"Yeye kaniuliza vizuri, kwa shikamoo. Nimdanganye kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ndege inaondoka saa sita, na kesho ni Alhamisi!"

"Usinipigie kelele, mwanangu. Sioni, lakini nasikia."

Nikaomba radhi. Akaulizwa tena, akajibu vilevile. Bwana Hadhari akapitia kitabu cha kanuni ukurasa mmoja mmoja, kweli kweli, akitutafutia njia, na mimi natazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na robo. Nilimuuliza vipofu wa Wepesini wanasafirije. Akasema hakuna aliyewahi kuleta malalamiko. Nikamuuliza wamewahi kufika hapa getini. Akasema hapana, wote wako Mapema, wanajiandaa kuona.

Saa nne na nusu nilikuwa nimeshamwita mkuu wake, na mkuu wa mkuu wake, na wote walitupa pole. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Nilieleza kwa mara ya tano kwamba wanamtaka mgonjwa apone ndipo wamruhusu kwenda kutibiwa. Wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mmoja alisema ni hoja nzuri, na akaniomba niiandike ipelekwe barazani. Kuna hasira inayomfanya mtu apige ukuta, na kuna hasira inayomlegeza akakaa chini. Mimi nilikaa chini, juu ya sakafu ya saruji, mkaguzi wa mizani mwenye kitambulisho mfukoni.

Ni Bwana Hadhari aliyekuja kuniinua. Uso wake uling'aa kwa furaha. "Nimepata," akasema. "Kanuni ya arobaini. Abiria ndiye anayeulizwa maswali. Mzigo hauulizwi. Mama akiandikishwa kama mzigo wako, hatutakuwa na la kumuuliza."

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa anatania. Ni shangazi aliyecheka, akacheka mpaka akajifuta macho. "Mimi? Mzigo?" akasema. "Haya, niandikeni. Wangapi wameandikwa hivyo na watoto wao na hata ndege hawapandi."

Wakampima. Mizani yao ilikuwa imezidisha kilo mbili, niliiona kabla hajakanyaga vizuri, na nikanyamaza. Katika maisha yangu ya kazi sijawahi kunyamaza mbele ya mizani mbovu. Wakamfunga kibandiko chenye namba kwenye kifundo cha mkono, kwa uzi laini, na Bwana Hadhari akamwomba kwa adabu kwamba kuanzia sasa asiseme, kwa kuwa mzigo ukisema italazimu uandikwe upya. Shangazi akafunga mdomo. Akasimama pembeni yangu, mikono mbele, amevaa kilemba chake cha kijani, anatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Saa ilikuwa tano na dakika ishirini.

Kisha Bwana Hadhari akageuza ukurasa, akanigeukia mimi.

"Mzigo huu ni wako?"

"Ni wangu," nikasema. Nilikuwa nataka tumalize.

"Je, kuna wakati wowote uliuacha peke yake?"

Nilifungua mdomo niseme hapana.

Mumewe shangazi alifariki miaka sita iliyopita. Tulimzika, tukala, tukamwambia tutakuja. Yeye ndiye aliyenilea tangu baba alipokwenda migodini. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye tangawizi zake. Nilikuja mara ya kwanza mwaka jana? Hapana, nimeanza kujidanganya hata hapa. Katika miaka ile sita sikuja hata mara moja. Nilipiga simu sikukuu. Alisema mzima, nikasema namshukuru Mungu, nikakata. Aliyegundua kwamba haoni ni jirani yake, siku alipoletewa chai iliyotiwa chumvi, na akamwona mwenyeji wake anapapasa ukuta kutafuta mlango wa nyumba aliyoishi miaka arobaini. Jirani ndiye aliyenipigia. Ndipo nikaja mbio, na tangu hapo nikawa napayuka kwenye kila ofisi kwamba watu hawa hawamjali mgonjwa.

"Bwana?" akasema Bwana Hadhari. "Lazima niulize. Mzigo uliowahi kuachwa peke yake hausafiri. Unapelekwa nyuma ya uwanja."

Siku tatu nilikuwa katika nchi ile, na nilikuwa nimeshaulizwa maswali mengi ya kipuuzi. Hilo lilikuwa la kwanza lenye maana, na sikuwa na jibu la kweli ambalo lingetufikisha kwa daktari. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wangu, ametega sikio. Alikuwa anasubiri kama Bwana Hadhari alivyokuwa anasubiri.

"Hapana," nikasema. "Sijawahi kuuacha."

Muhuri ukapigwa. Tukavuka. Hakuna aliyetukagua mifuko, wala viatu, wala chochote. Ndege ilikuwa na viti sitini na sisi tulikuwa abiria wanne, yaani watatu na mzigo. Shangazi aliruhusiwa kusema baada ya magurudumu kuondoka chini, na hakusema. Nilimfunga mkanda wa kiti, nikamuuliza kama hana baridi. Akatikisa kichwa. Njia nzima alikuwa anapapasa kile kibandiko kwa kidole, na mimi sikuthubutu kumwambia akitoe.

Alhamisi daktari akampasua. Ijumaa asubuhi muuguzi akaja, akafunga pazia nusu, akamfungua kitambaa taratibu, akamwambia asiogope mwanga. Shangazi alipepesa macho. Alitazama dirisha. Alitazama mikono yake, ndani na nje. Kisha akanigeukia, akanitazama usoni muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Nikajiandaa kwa neno la kunitia adabu. Nilistahili, na ningelipokea.

Akanyoosha mkono akanigusa kichwani, juu ya sikio.

"Mwanangu," akasema, kwa mshangao mtupu, bila lawama yoyote. "Una mvi. Zimeota lini hizi?"

"Miaka sita hii, shangazi," nikamwambia.